Fremu Tupu ya Mama Poda

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kupaka, kufuta na kupaka tena nyuso za watu, Mama Poda anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe thelathini, saa kumi jioni, chai ikishanyweka. Neno "rasmi" nimelitumia kwa tahadhari. Mama Poda hakuwahi kuajiriwa na mtu. Alikuwa mpambaji wa kujitegemea, akiitwa anakuja, akimaliza anafunga sanduku lake anaondoka, kwa hiyo hakuna ofisi yenye mamlaka ya kumstaafisha. Hilo alilitatua mwenyewe. Mwezi uliopita alijiandikia barua ya kuomba kustaafu, akaipokea, akaikalia wiki mbili kama ofisi zinavyofanya, kisha akaijibu kwamba ombi limekubaliwa kutokana na mgongo na macho ya mwombaji. Barua zote mbili amezibandika kwenye kioo cha chumba cha vipodozi. Ile ya majibu ina muhuri mwekundu, ambao ukiutazama kwa karibu ni alama ya midomo yake.

Kabla sijaendelea, mniwie radhi kwa mambo mawili. Kwanza, fremu mliyoiona tupu kwenye ukurasa wa mbele wa karatasi hizi mlizogawiwa ilikuwa ya picha yake. Amekataa kupigwa, kama alivyokataa siku zote, nasi tumesalimu amri. Pili, herufi za maandishi haya ni ndogo mno. Karatasi zilikuwa chache. Wenye miwani wavae, wasio nayo waazime kwa jirani.

Mimi ni mpiga picha wa studio hii ya ghorofa ya pili, na nimefanya kazi naye tangu siku aliyopanda ngazi zetu akiwa amebeba sanduku la chuma la fundi bomba. Alisema masanduku ya vipodozi ya dukani yanakatika mkono kabla ya mwaka kwisha. Sanduku lile ndilo hili lililo mezani leo, na limemponza mara moja tu. Tuliitwa hotelini kupiga picha za tangazo la sabuni, na mlinzi alipoliona hakuuliza chochote. Alimpeleka moja kwa moja kwenye sinki lililoziba jikoni. Mtu mwingine angekasirika. Mama Poda alilitazama sinki, akalizibua kwa mpini wa brashi yake ndefu, akanawa mikono, ndipo akauliza mwanamitindo yuko chumba gani. Wiki mbili baadaye hoteli ilimpigia simu tena, na hadi alipofika hakujua anaitwa kwa kazi ipi.

Namwita Dada, maana ananizidi miaka sita na hupenda kunikumbusha. Udada huo ulikuwa na gharama zake. Kila rangi aliijaribu kwanza kwenye mkono wangu wa kushoto, kwa upande wa ndani, akidai kwamba ngozi yangu haisemi uongo chini ya taa. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani na lipstiki saba zimepangwa kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, nami nimesahau kabisa. Mke wangu alizitazama, akaniuliza swali moja kwa upole ambao unanitia baridi mpaka leo: "Huyo ana midomo mingapi?" Kesho yake ilibidi Mama Poda ampigie simu mwenyewe. "Wifi," alimwambia, "huyo ni ubao wangu wa kuandikia tu, lala salama." Tangu hapo wamekuwa kitu kimoja dhidi yangu. Nikifika mlangoni mke wangu hasemi karibu, anasema nyoosha mkono nione, na akiipenda rangi, Jumatatu inayofuata lipstiki hiyo inamfikia.

Nikiandika kwamba amepaka nyuso zaidi ya elfu tisa, kwa hesabu yake mwenyewe, nitakuwa nimesema kweli lakini nitakuwa sijaeleza kazi yake. Hakugusa uso wa mtu kabla ya kumuuliza maswali matatu: Umelala? Umekula? Nani kakuudhi? Aliyesema hajala alipewa biskuti kutoka kwenye kopo lililo chini kabisa ya sanduku, na hakuna brashi iliyotoka hadi biskuti iishe. Aliyesema hajaudhiwa na mtu aliulizwa tena. Alikuwa na imani kwamba hasira hukaa kati ya nyusi na poda haiifichi, kwa hiyo ni lazima itoke kwanza kwa mdomo. Majibu yakishamridhisha ndipo aliposema maneno yale tunayoyajua sote, "Haya, inua uso," na kazi ikaanza. Mabosi wengi waliokuja kwetu wakiwa na haraka wamekaa kwenye kiti kile wakitafuna biskuti na kuwasema shemeji zao.

Yupo dada mmoja aliyekuja kupigwa picha za katalogi ya magauni ya harusi. Maswali mawili ya kwanza aliyajibu. La tatu alilijibu kwa kulia, kwa sababu mchumba wake alikuwa amemwacha jana yake, naye siku hiyo alitakiwa avae magauni kumi na moja akitabasamu. Macho yalivimba. Mwenye katalogi alikuwa mlangoni akitazama saa. Ghafla taa kubwa ikazimika. Nilifungua kila kitu kinachofunguka kwenye taa ile. Nililala chini ya meza, nikafuata waya kwa tumbo, nikamlaumu mwenye nyumba, nikalaumu kampuni ya umeme, nikaomba radhi kwa mteja mara sita. Baada ya dakika arobaini na tano taa ikawaka yenyewe, na dada yule akatoka chumba cha vipodozi akiwa na macho makavu na ameshiba biskuti. Ilichukua miaka tisa Mama Poda kukiri, tena akiwa anakunywa soda, kwamba fyuzi ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Nilinuna siku nzima. Baadaye nilizitazama tena picha zile, na sikuweza kuendelea kununa.

Haimaanishi kwamba hakukosea. Tulitumwa kwenye kampuni moja kumpiga mkurugenzi picha ya ripoti ya mwaka. Kwenye chumba cha kungojea tulimkuta bwana mwenye suti nyeusi, amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, usingizi umemchukua. Kwa Mama Poda mtu aliyesinzia ni zawadi, kwa kuwa hakunji uso, na siku hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliruka maswali. Alimfanyia kazi dakika arobaini. Alimwondolea weusi chini ya macho, akazinyoosha nyusi, akaupunguza mng'ao wa kipaji cha uso. Alipoamka kabisa nilimpiga picha kumi na mbili, nikisema "Mheshimiwa, kidevu juu kidogo," naye akatii kila neno. Kisha mlango ukafunguliwa, mkurugenzi akaingia akimtafuta dereva wake.

Dereva alijitetea kwamba alidhani ni vipimo vya afya vya kila mwaka. Alipozinduka kidogo katikati ya kupakwa na kuambiwa fumba jicho alifumba, alipoambiwa tazama juu alitazama, na alishukuru Mungu kuona safari hii hakuna sindano. Mkurugenzi alikuwa amebakiwa na dakika tisa kabla ya kikao, na picha yake ilitoka kama ya mtu aliyebakiwa na dakika tisa. Ya dereva ingali imetundikwa sebuleni kwa mama mkwe wake, ambaye kabla ya hapo, kwa maelezo ya dereva mwenyewe, alikuwa haitikii salamu yake. Amekuja leo. Yuko safu ya tatu, na nyusi zake bado zimekaa sawa.

Sasa nirudi kwenye ile fremu. Kwa wiki mbili nilifukua picha zetu zote nikitafuta sura ya Mama Poda. Nilipata viwiko vyake sitini na vinne. Nilipata kisogo, mgongo, vidole vyenye brashi, na wingu moja zito la poda ambalo naapa yeye alikuwa nyuma yake. Uso hakuna. Kila nilipomwelekezea kamera, mkono mmoja ulikuwa umeshaziba: kwa sponji, kwa kioo, kwa sahani, na siku moja kwa kiatu cha mteja. Kumvizia nako nilishindwa. Magoti yangu hulia nikichuchumaa, naye huyasikia hata redio ikiwa juu. Ukimuuliza sababu, atakuuliza na yeye, "Sasa mimi nikikaa pale, nani atanipaka?" Watu wanacheka, naye anacheka, na hapo mazungumzo yanahamia kwingine.

Mwezi uliopita binti yake alipanda ngazi zetu peke yake. Ananiita mjomba, na akilitaja neno hilo mara mbili mfululizo najua nimekwisha. "Mjomba, mjomba wangu," alisema, "ukutani kwetu kuna watu wa matangazo, kuna maharusi, hadi yule dereva yupo. Mama hayupo. Picha yake ni ya kitambulisho tu, na pale anaonekana kama mtu anayetafutwa. Akishastaafu anahamia kwa mama mkubwa, huko mbali, mimi nabaki na nini? Nataka moja tu, ya hapa kazini, ana ile sura yake." Nilimweleza kwamba mama yake nimemjaribu miaka yote na haiwezekani. Nikampa kiwiko kilichotoka vizuri kuliko vyote. Alikishika, akakitazama, machozi yakamtoka, nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona katika kazi hii. Binti yupo leo, amekaa kando ya mama yake. Amenisamehe, nadhani.

Kilichobaki ni kuaga, na siwezi kumuaga mtu aliye mbele yangu kwa kumwita "yeye". Dada, asante. Asante kwa sinki, kwa fyuzi, kwa biskuti, na kwa mkono wangu wa kushoto ambao kuanzia Jumatatu utakuwa msafi, na mke wangu hatajua avae rangi gani. Kuna picha nyingi nilizosifiwa ambazo nilichofanya mimi ni kubonyeza tu, baada ya wewe kumtuliza mtu hadi akaweza kutazamwa. Sikuwahi kukuambia, na nilipaswa. Nitakukosa sana, Dada. Chumba cha vipodozi nitakuwa nakipita bila kugeuza shingo kwa muda.

Nina jambo la kuungama pia, maana na mimi nimejifunza kwako. Karatasi hazikuwa chache. Stoo kuna maboksi matatu. Herufi tumezifanya ndogo makusudi, ili huu uwe wasifu usioweza kusomwa bila miwani na bila kuusogeza karibu na uso kwa mikono miwili. Hukushangaa binti yako alipokukabidhi miwani kabla hujaiomba? Na hicho kiti ulichokalia pembeni ya dirisha, ulionyeshwa na wifi yako, akasema hapo kuna hewa. Hapo kuna mwanga. Mimi nimechuchumaa nyuma ya meza ya keki tangu kabla hujafika; magoti yalilia yakamaliza wakati wewe bado uko ngazi za chini. Wageni mnaosoma haraka kuliko yeye, msigeuke, msikohoe, na dereva tafadhali usianze kupiga makofi.

Ulikuwa ukiuliza nani atakupaka. Hakuna, Dada. Kila aliyekaa kwenye kiti chako alifumba macho, na alipoyafumbua, uso wa kwanza aliouona ulikuwa huo wako, usio na poda wala wanja, unamkagua kwa makini na kuridhika naye. Ndio tunaoujua. Ndio binti yako anaoutaka ukutani.

Tunakutakia asubuhi za kuchelewa kuamka, mgongo usiokudai chochote, kiti cha kukalia badala ya cha kukalisha wengine, na nyuso za kupenda bila kuzirekebisha. Mikono yako miwili ina karatasi, na kamera iko tayari.

Umelala? Umekula? Hakuna aliyekuudhi?

Haya, inua uso.