Dobi wa Chumba cha Michoro

Benchi lililo mbele ya jumba la makumbusho, hapa Trieste, halina mwenyewe, lakini thubutu kulikalia alasiri. Pale ni pa Nereo, fundi viti mstaafu. Ondina, waliyembandika jina la Hakimu. Na Livio, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Tangu gazeti liandike kwamba ghorofa ya pili, ukishapita vyumba vya vikombe vya kifalme, umetundikwa mchoro wa mkaa wa dobi wa mtaa wa San Giacomo, Nereo amekuwa akijitapa kwamba yule ni bibi yake mzaa mama. Leo miezi mitatu ya maonyesho imetimia. Jioni dobi anashushwa, anarudishwa kwenye droo ya giza, karatasi ipumzike miaka kumi. Nereo ana themanini na mbili.

— Kwani karatasi inachoka nini? Ondina akauliza, akimimina kahawa.

— Mwanga unaila, Hakimu, akasema Nereo.

— Mwanga wapi! Livio akadakia. Ni macho ya watu! Kila anayetazama anaondoka na chembe ya mkaa. Watalii elfu kumi, pua kwisha!

— Toka hapa! Mbona zile picha za rangi haziishi? Ondina akauliza.

— Zile zina mafuta. Macho yanateleza.

— Kahawa imekupanda kichwani, Livio.

— Na huko kwenye droo hawalali, nawaambia! Wanatembeleana. Dobi anawafulia soksi makadinali wa droo ya juu.

— Bibi yangu hakumfulia kadinali hata siku moja! Nereo akawaka.

Fulvia, mlinzi mpya wa chumba cha michoro, alikuwa ametoka nje kupumzika. Akaketi pembeni.

— Mzee, kwani dobi wetu anafanana na bibi yako?

Nereo akatazama kikombe chake.

— Sijaingia, binti yangu. Alikufa nina miaka sita, na picha yake hatuna. Sura imenitoka kabisa. Nikimwona, nitajuaje kama ndiye?

Fulvia akatazama saa.

— Tunafunga saa kumi na mbili, mzee.

— Mikono yake inaonekana?

— Yote miwili. Amepandisha mikono ya nguo mpaka viwikoni.

— Mikono ile ilinisugua kila Jumamosi mpaka nalia, Nereo akasema. Mikono naijua.

Akasimama.

— Naogopa, Ondina.

— Najua. Nishike, tuvuke barabara.