Watiri wa Wambugu, Aliyepamba Madirisha ya Karatina

Lydia Watiri Wambugu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Wamae, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Gikondi, Mukurweini. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gathogo na marehemu Mama Nyawira, wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi papo hapo Gikondi, akamaliza mwaka wa 1975, kisha akajifunza ushonaji katika chuo cha ufundi cha kijiji. Walimu walisifu mkono wake kwenye mkasi. Kuhusu hisabati hawakusema neno, na yeye mwenyewe alikuwa akilicheka jambo hilo.

Mwaka wa 1980 alipata kibanda karibu na soko la Karatina, akawa anashona sare za shule. Hapo ndipo Simeon Wambugu, seremala, alipoleta suruali ishonwe mfuko. Aliirudisha suruali hiyohiyo tena na tena, hadi Watiri akamwambia kwamba mfuko hauna shida, aseme tu kilichomleta. Alisema. Walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba 1984, na Mungu akawajalia Wamae na Wachuka.

Kazi iliyompa jina ilianzia kwenye shida ya nyumbani. Mwaka wa 2009 mama mkwe wake, Cucu Wangui, yaani Bibi Wangui, alipatwa na kiharusi, akaletwa Karatina atunzwe. Chumba kilichokuwa na nafasi kilikuwa na dirisha kubwa lililotazama njia ya sokoni. Cucu alikuwa mtu wa kujiheshimu, akakataa kuogeshwa mahali ambapo wasukuma mikokoteni ya kabichi wangemwona. Watiri alipotundika pazia zito, akalikataa pia.

"Ondoa hiyo nguo," alisema. "Giza nitapata kaburini. Mimi bado niko."

Siku zikapita mgonjwa hajakubali maji, na nyumba ikaanza kuwa na maneno. Simeon alitaka mama yake aogeshwe apende asipende. Watiri hakukubali. Alitoa kitambaa cha meza cha lesi alichozawadiwa siku ya harusi, akakikata, akakibandika kwenye vioo kwa uji wa unga wa ngano. Kisha akamtuma Simeon asimame njiani achungulie. Wapita njia walimuuliza anatafuta nini dirishani kwake mwenyewe. Aliwajibu kwamba haoni kitu, tena kwa furaha iliyowashangaza. Ndani, mwanga uliingia mweupe na mpole mpaka kitandani. Cucu aliutazama kitambo, akamgeukia mkaza mwanawe.

"Sasa leta maji," akasema.

Masika yalipokuja, lesi ilishika ukungu ikabanduka. Watiri alikwenda Nyeri mjini, kwenye duka la wachapishaji wa mabango, akapata stika nyeupe za kubandika kwenye kioo, zile zinazopitisha mwanga na kuzuia macho. Alizikata kwa wembe zikawa maua ya kahawa na majani ya mgomba, akaremba dirisha lile upya. Cucu Wangui aliishi chumbani humo kwa amani hadi alipofariki mwaka wa 2014.

Majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa waliondoka wakitamani dirisha. Hivyo cherehani ikapumzika, na Watiri akawa anaitwa Othaya, Kiganjo, Nanyuki, hata ng'ambo ile ya Mlima Kenya hadi Chogoria. Wengi walitaka maua. Kijana mmoja wa Mukurweini alitaka nembo ya timu yake ya mpira iwe sebuleni. Watiri alikwenda kuzungumza na mkewe kwanza, na nembo ikaishia bafuni. Mahali pa kazi hakupenda haraka wala redio. Alipomaliza, alimwomba mwenye nyumba aketi ndani kidogo kabla ya kusema lolote.

Mwezi wa Januari 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa Nyeri, akapata nafuu, na akautumia muda huo kumfunza Wachuka kazi yote. Waliomjua wanasema huo ulikuwa mwaka wake wa furaha, maana alikaa kitini akaagiza.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa nyumbani, alikunywa uji akamuuliza Wachuka kuhusu madirisha ya Bi Nkatha wa Chogoria.

"Kuna hewa imebaki chini ya stika?"

"Hakuna, mami."

"Na yeye amefurahi?"

Wachuka alimwambia kwamba Bi Nkatha ameita jirani zake waje waone. Watiri alitabasamu, akaomba alale kidogo. Hakuamka.

Ameacha mumewe Simeon. Watoto wake Wamae na Wachuka. Mkwe wake Mutuma. Wajukuu Wendy na Sophie. Kaka yake Ngatia. Na nyumba nyingi, huku na ng'ambo ya Mlima, ambamo watu wanaoga bila wasiwasi mchana kweupe.

Mama Wamae, umefanya kazi nzuri. Mungu akupumzishe.