Bi Waya na Picha ya Pili

Ndugu, jamaa, majirani na wateja, huyu tuliyekuja kumzika leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ndiye yule yule aliyekuwa dukani kwake Jumatano asubuhi akimcheka mumewe kwa simu. Tunalisema hili mapema kwa sababu familia bado imepigwa na butwaa. Mkisikia mahali fulani tumesema "yupo" badala ya "alikuwepo", mtuwie radhi, ulimi haujazoea.

Bi Waya, jina alilopewa na mtaa mzima hadi lile la cheti likasahaulika, alizaliwa tarehe 4 Machi 1979, akiwa mtoto wa kwanza na binti pekee wa wazazi wake, katika nyumba iliyo nyuma ya studio ya picha ya baba yake, barabara ya stendi ya zamani. Baba yake ni huyu Mzee Flashi aliyeketi hapa mbele. Wengi wenu mliotimiza miaka arobaini, picha yenu ya kwanza ya kitambulisho aliipiga yeye, akiwaambia muinue kidevu. Mama yake, aliyetutangulia mwaka 2016, ndiye aliyekuwa akiosha picha katika chumba cha giza, na mtoto alikulia humo, kwenye harufu ya dawa na mwanga mwekundu.

Alipokuwa na miaka minane alilifumua flashi la baba yake, lile lile lililompa mzee jina, ili aone mwanga unakaa wapi. Baba alirudi akalikuta mezani limekuwa vipande. Kabla hajapata la kusema, mtoto alilifunga tena, likawaka. Lakini kipande kimoja kikabaki mezani.

"Na hiki?" baba akauliza.

"Hicho lilikuwa halikihitaji, Baba."

Mzee alikitia mfukoni kile kipande, na flashi likapiga kazi miaka mingi bila yeye kujua kilikuwa cha nini. Tangu siku hiyo nyumbani hakikuharibika kitu pasipo kuitwa Bi Waya.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1993, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, ambako aliondokea kuwa mtengenezaji wa kengele ya shule na pia, tunasikia, mharibifu wake siku za mitihani. Mwaka 2001 alihitimu stashahada ya ufundi wa elektroniki katika chuo cha ufundi. Darasani walikuwa wasichana wawili, na mwenzake alikwisha kutuma salamu zilizosomwa asubuhi.

Mwaka 2002 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa fundi wa mashine. Mwaka uliofuata kiwanda kilinunua skana kubwa, yenye taa ndani ya kifuniko, ya kusomea picha na negativu pia, akakabidhiwa yeye aitunze. Hapo ndipo alipopatia mume. Aliona vumbi la karatasi litaiua ile mashine, akaenda kwa fundi cherehani aliyekuwa na kibanda karibu na lango la kiwanda, akaomba ashonewe kifuniko cha kitambaa.

"Mteja mwenyewe yuko wapi?" akauliza fundi. "Mimi sishonei mtu nisiyempima."

Mwingine angenuna. Yeye alirudi kiwandani, akaibeba skana kwa mikono miwili, akaja nayo. Fundi hakucheka. Alichukua utepe wake, akaipima kifua, akaipima kiuno, akauliza kama anataka mgongo wazi au wa kufungwa. Bi Waya akasema mgongo uachwe wazi kidogo, waya zipite. Lile koti la kijivu ndilo linalovaliwa na skana mpaka leo. Wawili hao walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2004, na mwaka 2006 Mungu akawajalia binti yao, ambaye sasa anasomea ufamasia.

Kiwanda kilipopunguza watu mwaka 2011, Bi Waya aliagwa kwa zawadi ya skana ile ile, maana hakuna mwingine aliyeweza kuishi nayo. Akafungua duka lake la fotokopi, kuskani na kutengeneza kompyuta, chumba kimoja mkabala na posta ya zamani, pembeni ya saluni. Kampuni iliyoiunda skana ilikuwa imeshaitelekeza, kompyuta za kawaida hazikuitambua tena, lakini kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ilifanya kazi kama kigori. Mteja akichungulia kioo cha kompyuta na kusema, "Mbona Windows yako ina sura hii?" alijibiwa, "Hii si Windows, ni Linux. Haina virusi na haina majivuno." Na mteja huyo asipoangalia, aliondoka nayo kwenye kompyuta yake.

Sasa tuseme habari ya miezi yake ya mwisho, kwa sababu aliyekuwa karibu naye hawezi kumkumbuka bila hiyo.

Mwishoni mwa mwaka jana Mzee Flashi aliambiwa na daktari kwamba presha ya macho imefika mbali, na kile anachokiona kitaendelea kufinyika mpaka kiishe. Mzee hakulalamikia macho. Alilalamikia sanduku. Studio ilipofungwa alibaki na sanduku la chuma lililojaa negativu na picha za watu wa mji huu, na unyevu ulikuwa umeanza kuzila. Aliye kwenye picha ni nani, ni mtoto wa nani, alisimama pale siku gani, yote hayo yako kichwani kwa mzee peke yake. Bi Waya akamwahidi: nitaziskani zote, nitakukuzia kwenye kioo kikubwa, wewe utazame uniambie ni nani. Ikawa mashindano kati ya sanduku na macho.

Wakaanza vizuri. Mwezi wa Januari kompyuta ya zamani ikaungua. Aliyonunua badala yake ilikuwa na matundu mapya matupu ya USB, yale yenye ulimi wa buluu ndani, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Skana ilisoma picha ya kwanza bila shida. Ya pili, kimya. Kompyuta inaapa kwamba haijapata kuona skana maishani mwake. Mpaka uchomoe waya, usubiri, uchomeke upya, ndipo isome moja nyingine, kisha inune tena. Kwa mwendo huo sanduku lisingeisha kabla ya macho. Zaidi ya hayo, tundu la mgongoni mwa skana lilianza kulegea kwa kuchomolewa kila mara, na likikatika ndio basi.

"Tupa hiyo, ununue mpya," watu walimshauri.

"Mpya kifuniko chake ni kitupu, hakina taa," alijibu. "Itanisomea vitambulisho. Negativu za Baba nimpelekee nani?"

Alibadilisha waya. Akaing'oa draiva, yaani ile programu inayoifanya kompyuta izungumze na skana, akaiweka upya. Akapitishia kwenye kigawanyaji cha USB cha zamani, skana ikasoma mbili mfululizo, akashangilia mpaka msusi wa saluni akaja mbio na kitana mkononi. Kesho yake ikarudia tabia. Mumewe akipita kumchukua jioni alipewa kazi ya kukaa nyuma ya meza na kuchomoa. Fundi cherehani wa watu, amekaa sakafuni, anasubiri amri! Alilalamika, lakini hakuwahi kukosa.

Na kila jioni simu ililia. Mzee hakusalimia siku hizi, aliuliza moja kwa moja, "Imekubali ya pili?"

"Bado, Baba. Leo imenuna."

"Usiibembeleze sana. Itadeka."

Wiki iliyopita aliuliza kwenye jukwaa la watumiaji wa Linux mtandaoni, na mtu asiyemjua akamwelekeza kwamba skana nzima na kompyuta nzima, kasoro ni mahali zinapokutana. Alimweleza mumewe hivi: "Draiva ni ya zamani, tundu ni jipya. Skana ikimaliza picha inaondoka bila kuaga, ndiyo maana ikirudi haifunguliwi mlango." Mumewe aliuliza dawa yake ni nini. Akasema anaitafuta, yuko karibu.

Ndugu zangu, kwa desturi ya wasifu hapa ndipo huwekwa aya ya ugonjwa: aliugua lini, alilazwa wapi, nani alimuuguza. Aya hiyo hatuna. Bi Waya hakuugua. Jumatano tarehe 11 Juni alikunywa chai, akamwambia mumewe suruali aliyomshonea diwani ina mguu mmoja wa diwani na mwingine wa karani, akaenda kazini. Kabla ya adhuhuri alimpigia.

"Ukifunga kazi pitia hapa. Kuna kitu nataka ukione."

"Kitu gani?"

"Nikikwambia utakuja kwa mwendo wa kinyonga. Wewe njoo tu."

Akacheka, akakata. Simu iliyofuata ilikuwa ya msusi. "Shemeji, acha kila kitu uje. Dada ameanguka." Mumewe alitoka na utepe shingoni, cherehani ikiwa imeuma kitambaa cha mtu. Alidhani ameteleza. Hospitali walisema ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani, na jioni hiyo hiyo wakasema amefariki. Mumewe aliwauliza kama wana hakika. Akauliza tena. Hata jana aliuliza tena, akituuliza sisi.

Alhamisi ilibidi tupate picha ya ratiba hii. Mtu aliyeskani picha za ratiba za misiba ya mji mzima, yake haikuwa imeskaniwa. Mume na binti wakaenda dukani na picha mbili za karatasi: ya mahafali, aliyopigwa na baba yake, na ya harusi. Koti la kijivu lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Kompyuta ilikuwa bado inawaka, kwa maana hakuna aliyekumbuka kuizima.

Binti aliweka ya mahafali, ikasomwa. Akaitoa, akaweka ya harusi. Mume alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya meza, mkono kwenye waya, akisubiri kuambiwa achomoe, na binti kwa haraka ya majonzi akasahau, akabonyeza.

"Baba, subiri! Usiguse!"

Taa ilikuwa inatembea. Ilitembea taratibu chini ya kioo mpaka mwisho, na bwana harusi na bibi harusi wakatokea kwenye kompyuta. Mume akatoa kitambulisho chake, akakiweka, kikasomwa. Akaweka utepe wake, ukasomwa. Akaweka kiganja chake mwenyewe, kikasomwa, na hapo akaketi sakafuni akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kitu alichoitwa kukiona, alikuwa amekiona.

Binti alifungua mipangilio ya kompyuta, akakuta mstari mmoja mpya unaoiamuru programu ya skana iliache tundu vizuri kila inapomaliza kazi, kisha ianze nalo upya. Ulikuwa umeandikwa Jumatano asubuhi. Mama yake alikuwa ameipata dawa, akaijaribu, akampigia mumewe kwanza. Mzee Flashi angepiga mwenyewe jioni, saa yao ya kawaida.

Mzee Flashi alikuwa hajatamka neno tangu apewe taarifa. Mume alikwenda nyumbani kwake, akamshika mkono.

"Baba, imekubali ya pili."

Mzee alimgeuzia uso. "Nani amechomoa?"

"Hakuna, Baba. Hakuchomoa mtu."

"Na yeye mwenyewe anajua?"

Mume akatutazama sisi tuliokuwa mlangoni. Kisha akasema, "Anajua, Baba. Ndiye aliyeitengeneza."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaagiza sanduku liletwe sebuleni. Binti amechukua ruhusa chuoni. Kuanzia Jumatatu ataketi na babu yake, picha baada ya picha, na mtakaoitwa kuja kujitambua, njooni upesi, macho hayasubiri.

Marehemu ameacha baba, mume, binti mmoja, wadogo zake wawili wa kiume pamoja na wake zao, wapwa, mashemeji, jirani yake msusi aliyemshika asianguke kifudifudi, na skana moja ya kizee yenye koti la kijivu.

Ratiba mliyoshika mikononi ina picha mbili. Ya mbele, ya msichana wa mahafali aliyeinua kidevu, ndiyo ya kwanza. Geuzeni nyuma. Hiyo ya harusi ndiyo ya pili.

Bi Waya, Mungu akupe pumziko jema. Sisi bado tumeduwaa, lakini kazi yako tumeiona.