Mama Lete-Lilivyo wa Chumba cha Kufulia

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya saba. Shule aliishia darasa la pili, mama yake alipougua na wadogo wakabaki mikononi mwake. Kusoma alisoma kwa kusuasua, lakini kusema! Hapo hakuhitaji mwalimu.

Mwaka 1974 aliajiriwa hospitalini, chumba cha kufulia, akadumu miaka thelathini na mitano. Ndugu wa wagonjwa walikuwa na tabia moja: kwa aibu, walisuuza shuka lenye damu bombani kwa maji ya moto kabla ya kumkabidhi, na damu ikaganda kabisa. Aliwaka: "Nani kawatuma? Kufua ni kazi yangu! Lete lilivyo!" Jina likamganda kuliko madoa yenyewe.

Huko ndiko alikompata baba yetu, dereva wa gari la wagonjwa, aliyemletea shati kila Ijumaa. "Shati hili safi. Limefuata nini?" "Limenisindikiza tu." Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975.

Yapo ambayo wengi hawakuyajua. Kwa miaka tisa mama alihudhuria darasa la ubatizo, na kila mwaka siku ilipokaribia, alijiondoa mwenyewe. "Bado," alisema. "Niuache kwanza huu ulimi wangu." Ulimi haukuachika ng'o. Aliogopa kufa akiwa nje ya mlango, na hofu hiyo ilimnyima raha.

Mwaka 1988, akiwa anajiondoa tena, binti yake wa miaka kumi na miwili alimuuliza, "Mama, mbona unajisuuza kwanza? Si wewe unayesema lete lilivyo?"

Mama akafuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji akiwa bado na aproni yake ya kazi.

"Mchungaji, nimekuja nilivyo. Majibu ya maswali yenu yote siyajui. Najua Yesu alinifia, na namwamini. Hayo mengine mtanifundisha nikiwa ndani."

"Mama," mchungaji akajibu, "hilo ndilo lenyewe."

Alibatizwa Jumapili tarehe 19 Juni 1988. Ulimi? Uliendelea, jamani, tusidanganyane mbele ya jeneza. Ila tangu siku hiyo ulijua kuomba radhi kabla jua halijazama, na mama alilala usingizi wa mtoto. Tunajivunia hilo kuliko cheti chochote.

Februari mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa hospitali ileile. Asubuhi moja alichafua shuka, akajaribu kulificha chini ya godoro. Dobi ambaye mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi akaja, akamshika mkono: "Mama, lete lilivyo." Mama alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Chukua. Mimi mwenyewe naenda hivihivi." Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, Bwana alimchukua.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na wanne, kitukuu mmoja, wadogo zake wanne, na madobi wote aliowafokea hadi wakawa mafundi.

Pumzika kwa amani, mama. Hukujisuuza. Umekwenda ulivyo, na aliyekuita anaijua kazi yake.