Mkonga Badala ya Mkono

Waombolezaji wenzangu, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mpendwa wetu, kama yalivyoandikwa na mama watoto wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1956, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu, akasoma msingi na sekondari mtaa huohuo, na mwaka 1984 akaajiriwa katika ofisi inayoipa kila herufi ya dunia namba na jina, ili kompyuta popote zilipo zielewane. Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986, akajaliwa watoto watatu, wote wapo hapa.

Mwaka 1993, akiwa hoi kwa kuuguza mapacha wenye surua, aliandika jina la herufi moja ya kale, yenye umbo la vidole vitano, akaiita mkonga badala ya mkono, likachapishwa, na kwa kanuni ya ofisi ile jina likishatoka halibadilishwi milele, kwani kompyuta zilizokwisha kulizoea zingeipoteza herufi yenyewe. Wenzake wakambatiza Mkonga, wakamuuliza tembo mwenyewe yuko wapi, naye akacheka nao, lakini usingizini herufi ile ilimjia miaka yote, ikasimama mlangoni kama mgeni aliyelowa mvua, ikingoja jina lake, akamwamsha mama watoto kumsimulia, naye akamjibu kwamba aikaribishe kiti, yeye kesho ana nguo za kufua.

Figo zilipomwangusha mwaka 2021, alitaka jambo moja tu, kosa lile lisahihishwe kabla hajafumba macho, na wenzake wakaja wodini kumweleza kwamba jina halifutiki, ila wameliandika la kweli pembeni yake, akauliza kama watu wataipata herufi yenyewe, wakamwambia, Mzee Mkonga, mbona wanaipata kila siku, kwa jina hilohilo ulilokosea. Kesho yake alisema herufi imekuja tena, safari hii ikaingia ndani, ikamshika mkono. Alifariki tarehe 3 Machi 2022, asubuhi, usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliofunga ofisi leo. Fundi wa jiwe la kaburi aliuliza aandike jina gani, mama watoto akamwambia aandike Mkonga kwa herufi kubwa, na lile la cheti cha kuzaliwa pembeni, kwani atakayemtafuta atamtafuta kwa hilo la Mkonga.

Pumzika kwa amani, Mzee Mkonga, tutakupata.