Jani Ambalo Odessa Medley Alikataa Kuliuza

Bi Odessa Ragland Medley alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Septemba 1938, Vernon Hill, Kaunti ya Halifax, Virginia, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Cephas Ragland na Bi Arlena. Ilikuwa wiki ya kukausha tumbaku. Baba yake hakwenda kumwona mpaka Jumanne, kwa sababu bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, lilikuwa limejaa majani yanayogeuka manjano, na ule haukuwa moto wa kumwachia mtu mwingine. Marehemu hakumlaumu hata siku moja. Alisema baba angekuja Jumapili, familia ingepata mtoto mzuri na tumbaku mbichi, na tumbaku mbichi hainunuliwi na mwenye akili.

Alisoma darasa la kwanza hadi la saba, 1945 mpaka 1952, katika shule ya chumba kimoja ya watoto weusi. Kila Septemba mavuno yalimtoa darasani, na kila Oktoba alirudi akawapita waliobaki. Elimu yake ya pili aliipata banini kwa baba yake, bila kiti wala cheti. Huko alijifunza kwamba jani lililoiva vizuri, likipewa joto la taratibu, wanga wake hugeuka sukari. Ukiharakisha moto, wanga hubaki wanga. Ukizubaa, jani linaila sukari yake lenyewe. Haya yote aliyajua kwa pua. Wasioyajua kwa pua aliwaita watalii, hata kama walizaliwa Halifax.

Jumamosi, tarehe 4 Juni 1960, alifunga ndoa na Bwana Hollis Medley, dereva wa lori la mbao, katika Kanisa la Kibaptisti la Mulberry Fork. Hollis alikuwa na sifa zote isipokuwa moja. Marehemu alivuta kiko, kama mama yake na bibi yake. Hollis naye alivuta kiko, lakini alikijaza tumbaku ya dukani iliyomwagiwa sharubati ya cheri.

"Hiyo si tumbaku," marehemu alimwambia wiki ileile ya harusi. "Hilo ni jani lililokufa njaa, wakalipaka peremende ili lizikwe vizuri."

"Dessa, mimi naipenda."

"Najua. Na mbwa wa dada yangu Ernestine anapenda sabuni."

Hollis akahamishiwa barazani na kiko chake. Ndoa ilidumu miaka hamsini na mitano.

Kuanzia 1963 hadi 2001 marehemu alilima tumbaku ya mvuke kwenye ekari kumi na moja, akaiuza mnadani South Boston. Wanunuzi aliwadharau, nao walimpa sababu. Walipita mbio nyuma ya dalali, wakiangalia rangi tu, na viganja vyao havikuwahi kushika gundi ya tumbaku. Jumanne, tarehe 20 Septemba 1994, alipanga sakafuni malundo mawili ya rangi moja. Moja lilitoka shamba la chini, lililokunywa mbolea kupita kiasi. Bwana shamba alilipima akakuta sukari asilimia kumi na moja. La pili lilitoka shamba la juu, lenye asilimia ishirini na nne. Mnunuzi akatoa bei moja kwa yote mawili.

"Rangi moja, shangazi, bei moja."

"Mimi si shangazi yako. Shangazi yako angekufundisha kunusa."

"Sukari haionekani, mama."

"Hata akili haionekani, lakini ikikosekana watu wanajua."

Akaikunja tiketi ya bei iliyowekwa kwenye lundo la shamba la juu. Mwenye mali akikunja tiketi, bei imekufa. Lundo likarudi nyumbani juu ya lori la Hollis, na ghala zima likacheka.

Marehemu alitangaza kwamba jani lenye sukari yake lenyewe, likibanwa na kuachwa gizani miaka ishirini, litakuwa kitu ambacho wanunuzi wale hawajawahi kukinusa. Lisilo na sukari litazeeka tu, kama wao. Alichagua majani bora, akatoa vikonyo, akayabana kwa jeki ya lori mpaka yakawa kama mkate, akajaza mitungi ishirini ya kioo. Mtungi mmoja zaidi aliujaza jani lililosalia la shamba la chini, ili ajue anabishana na nini. Yaliyobaki aliwagawia wazee wa kanisa. Walilalamika kwamba tumbaku inanukia limau na kuuma ulimi. Aliwajibu kwamba yeye hakuwaambia waivute sasa hivi.

Mitungi ikakaa chini ya jiko, na yeyote aliyegusa kifuniko aliisikia sauti ya marehemu kabla hajainuka. Ama alikuwa ameona ambacho wengine hawakukiona, ama alirudisha mali nzuri nyumbani kwa kiburi. Alitaka kujua ni lipi kabla ya kufa.

Februari 2012 alipata homa kali. Homa ikapona, pua haikurudi. Hakunusa kahawa, wala moshi, wala mvua. Alimwambia Hollis peke yake, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemtangaza kwa nusu karne kuwa hana pua kabisa.

Tarehe 20 Septemba 2014 moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Aliweka mezani mitungi miwili, mmoja wa kila shamba, jina la shamba likiwa limeandikwa kwenye tako la mtungi, akamwita Hollis aingie ndani na kiko chake, kikiwa safi. Wa kwanza Hollis aliuvuta polepole.

"Laini. Hauumi. Hauna la kusema."

"Kama kaka yako. Fungua wa pili."

"Dessa, huu umeota ukungu."

"Ukungu una manyoya. Huo unang'aa kama chumvi, ni jani lililozeeka. Jaza, na usivute kama garimoshi."

Hollis akavuta, akavuta tena.

"Ule ukali wa limau haupo."

"Nimekuuliza kilichopo."

"Sukari yenyewe siisikii tena. Ila kuna... jemu ya tini ya mama yako. Ile ya chini ya sufuria, iliyoanza kushika."

Hollis angeweza kudanganya kwa mapenzi, na marehemu alikuwa amekwisha kulihesabu hilo. Lakini uongo wa Hollis siku zote ulikuwa wa cheri na maua. Sufuria iliyoungua asingeweza kuitunga. Akaugeuza mtungi. Shamba la juu.

"Kumbe pua unayo. Miaka yote hii uliiweka wapi?"

"Barazani, uliponifukuza."

Alimtaka arudie habari ya sufuria mara tatu, kisha akamwambia amalizie kiko hapohapo mezani.

Bi Odessa alifariki kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 8 Oktoba 2015, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ameacha mume, Bwana Hollis Medley. Watoto wawili, Lavinia Medley Boyd wa Richmond na Royce Medley wa Greensboro. Dada yake, Bi Ernestine Ragland. Na wajukuu watano. Ameacha pia mitungi kumi na tisa. Kwa ndugu ambao tangu jana wanaiulizia, sahani ya chakula ikiwa mkononi: ni ya Hollis, na bado inaendelea kuiva. Tumbaku yake ya cheri iko juu ya friji, pakiti nne ambazo hajazigusa tangu Septemba ile. Anayeitaka achukue.

Bi Odessa apumzike kwa amani, na asije mwenye haraka akamfungulia kifuniko.