Gari Iliyovaa Gunia

Ukifika Free Area, uliza yeyote akuonyeshe benchi ya mbao iliyoegemea ukuta wa kanisa. Hapo ndipo meko yangu iko, hapo ndipo mimi, Shosh, nyanya ya wote, huuza kahawa, na mambo ya watu huwa yananijia yenyewe bila mimi kuyaita. Jioni hiyo benchi ilikuwa imejaa, lakini hakuna aliyecheka. Odero alikuwa amelaza mpini wa jembe juu ya magoti. Huyu tunamwita Reli, kwa sababu baba yake alikuwa wa karakana ya reli na yeye mwenyewe hajawahi kukubali kwamba kuna chuma asichokijua. Jana yake, giza likiingia, kijana wake Oduor, yule wa pikipiki ya boda, alimulikwa na gari kwa kona ya posho mill, pale wanaposaga unga, hakuona kitu, akaingia mtaro akavunjika mguu. Gari haikusimama. Odero akaapa kwamba akiipata atapasua taa zake, halafu aendelee na mwenyewe. Sasa, mwisho ule mwingine wa benchi alikaa Kimaiyo, tunayemwita Maziwa, kwa sababu kila alfajiri anateremsha maziwa kutoka mashamba ya Bahati na ukungu wake. Gari yake ilikuwa ng'ambo ya njia, imevishwa gunia usoni. Na kwa nini imevishwa, nilijua mimi peke yangu. Asubuhi alinijia kabla sijawasha moto, midomo imekauka. "Shosh, ni mimi. Niliona boda imekata kando nikadhani inaingia posho mill. Haikuwa inaingia." Alitaka balbu za zamani za taa zake, zile za njano, ambazo niliziokota siku walipoweka mpya, azirudishe mtu asijue. Nikamwambia arudi baadaye. Siri tamu hivyo, mtu huiachilia polepole. Zilikuwa hapa kwa mfuko wa aproni yangu, na kila nilipoinama kumimina kahawa zilikuwa zinagongana kidogo.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Njoki, muuza mitumba, ambaye hapa anaitwa Redio.

— Mimi nimeuliza mpaka kwa kinyozi. Hiyo gari ni ya Milimani, kwa matajiri. Kuna mama huko ana gari kubwa, taa zake ni bluu. Anazunguka jioni akitafuta bwana yake.

— Huku Free Area? Odero akauliza.

— Si ndiyo mahali bwana yake anajificha! Anamulika kila gate, kila boda, aone kama amebebwa.

— Jina lake?

— Jina bado sijapewa.

Odero akageuza mpini, akauangalia kama mtu anayechagua muhogo.

— Redio, nikienda Milimani nikapasua taa za mtu na uwe unanidanganya, nitarudi hapa.

— Mimi nimesema tu venye nimesikia, baba.

Maxwel akakohoa. Huyu ndiye Profesa. Alienda chuo akarudi katikati, na hiyo nusu aliyosoma hatujapumzika nayo.

— Reli, wacha nikuambie. Hii si mtu mmoja, hii ni mpango. Umeona vile taa nyeupe zimejaa siku hizi? Unafikiri nani analeta hizo balbu?

— Nani?

— Wauza miwani.

— Ati?

— Fikiria pole pole, mzee. Unamulikwa leo, unamulikwa kesho, macho yanaisha. Unaenda wapi? Kwa duka la miwani. Mtu anakuharibu na mkono huu, anakutengeneza na huu mwingine.

— Maze, hiyo ni kweli kabisa! Kimaiyo akaruka. Ni wao! Mimi pia nimekuwa nikiwashuku.

Nilimwangalia. Tangu akae alikuwa hajasema neno, na sasa sauti ilitoka juu kama ya jogoo mchanga. Odero naye akamwangalia.

— Maziwa, wewe uko sawa? Kahawa yako imepoa.

— Niko sawa. Nawaza kijana.

— Asante, ndugu yangu. Daktari amesema mfupa umeachana. Kijana hatapanda boda mpaka sijui lini, na mtoto wake ndiyo anaanza kutambaa. Ndiyo maana nikimpata huyo mtu... nikimpata...

Alibana mpini mpaka vidole vikabadilika rangi. Nikamwongezea kahawa bila kuulizwa. Balbu zikasema kling. Kimaiyo akashtuka kama amechomwa na sindano.

— Shosh, nini hiyo? Njoki akauliza. Masikio yake hayalali.

— Vijiko.

— Tangu lini unatumia vijiko?

— Tangu nianze kuulizwa na wewe. Kunywa.

Akanywa, lakini macho yake yakavuka njia.

— Na Maziwa, mbona gari yako imefunikwa uso?

Kikombe cha Kimaiyo kikasimama katikati ya njia ya kwenda mdomoni.

— Jua.

— Jua gani, na mvua ile inakuja kutoka Menengai?

— Na kuku. Wanapanda kwa boneti, wanachafua.

— Kuku wa nani? Mtaa huu wote hakuna kuku tangu ile homa ipite.

— Wa... wa kupita tu.

— Kuku wa kupita! Njoki akapiga paja. Alafu na wewe si uko na taa nyeupe, Maziwa? Zile tuliweka hapa juzi?

Hapo nikaacha kupuliza moto. Maxwel akatazama viatu vyake. Nilijua sasa mpini utainuka, na kweli uliinuka, lakini ulielekezwa kwa Njoki.

— Wewe mwanamke! Hizo taa niliweka mimi. Na hii mikono! Mimi nikiweka kitu kimewekwa. Hizo ziko sawa, na nisikie mtu akisema vingine.

— Sijasema kitu, baba. Aki nimeuliza tu.

— Uliza kuhusu Milimani.

Lazima niwaambie vile ilikuwa, ndiyo mtuelewe. Kimaiyo alinunua hizo balbu Salgaa, kwa mchuuzi anayezunguka kati ya malori, kwa sababu za njano zilikuwa zimechoka na ukungu wa Bahati. Akazileta hapa kijiweni tuzitie wenyewe. Maxwel alishikilia boneti akisoma maandishi ya Kichina kwa sauti. Ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto ikakataa. Balbu hizo zina vimasikio vitatu vya kukaa kwa tundu lake, na kimoja hakikupenda. Odero akaomba kisu changu cha mandazi, akakichonga kile kimasikio, akasukuma na kidole gumba mpaka ikalia tak. Akasema, "Imekubali." Giza lilipoingia wakawasha. Wueh! Njia ikawa nyeupe mpaka kibandani kwa mama mboga. Sisi wote tukajipanga nyuma ya gari kama watu wa harusi, Njoki akapiga vigelegele, na Odero akabebwa kidogo mabegani.

Basi jioni hiyo kila mtu akarudi kwa kikombe chake. Maxwel ndiye hakuweza kuvumilia.

— Inaweza kuwa lori. Salgaa kuna lori hutembea bila dereva. Madereva wenyewe wanasema. Ukiangalia ndani hakuna mtu, usukani unajizungusha.

— Na lilikuja Free Area kutafuta nini? Odero akauliza.

— Dereva wake.

Njoki akafanya msalaba. Odero hakucheka. Akageuka pole pole kwa Kimaiyo.

— Maziwa. Wewe barabara hiyo ni yako, asubuhi na jioni. Niambie kama rafiki. Ulipita hapo jana?

— Jana?

— Jana.

— Nilipita... mapema.

— Ukaona nini?

Kimaiyo akatazama mfuko wangu wa aproni. Akatazama gunia. Halafu, Mungu nisamehe, nilitamani kucheka na kulia pamoja, kwa sababu mtu mzima mwenye watoto alisema hivi:

— Flamingo.

— Nini?

— Flamingo, Reli. Wa ziwani. Walipaa wengi kwa pamoja, na mwezi ukawapiga kwa kifua. Wao ni weupe hapa chini ya bawa. Ule mwanga ukarudi chini kwa barabara. Hata mimi ulinipiga.

— Wazi! Maxwel akasema. Hiyo ni sayansi.

— Jana hakukuwa na mwezi, Njoki akasema.

Odero alisimama. Ni mrefu, na akisimama benchi hushuka upande ule mwingine.

— Kijana yangu amevunjwa mguu na ndege?

— Reli, mimi nasema tu...

— Tumekunywa kahawa hapa miaka. Ulibeba jeneza la mama yangu. Leo nakuuliza kitu kimoja na unaniambia ndege?

Kimaiyo akafungua mdomo, na nadhani alikuwa anataka kusema. Lakini pikipiki ikaja ikasimama mbele yetu. Nyuma ya dereva alikaa Oduor mwenyewe, mguu mweupe wa plasta umenyooshwa kando, magongo mawili yamelazwa kwa mapaja.

— Wameniachilia, baba. Hawana kitanda. Shosh, niaje. Kahawa iko?

Tukamshusha kama mayai. Kimaiyo alikuwa wa kwanza kumshika kwapa. Odero hakungoja hata kijana akae.

— Ilikuwa gari gani?

— Baba, sikuona gari. Niliona taa.

— Za bluu? Njoki akauliza.

— Nyeupe. Na zilikuwa hazifanani. Moja ilikuwa chini kwa lami, kawaida, hata ningepita. Ingine ilikuwa juu. Ilikuwa inaangalia kama mtu anayeangalia dari. Hiyo ndiyo ilikaa kwa macho yangu.

— Ingine gani? Odero akauliza, lakini sasa sauti ilikuwa imeshuka.

Oduor akafunga macho, akainua mikono miwili mbele yake, akaigeuza apate upande.

— Ya kushoto. Kushoto kwa dereva.

Odero akatazama kidole chake gumba. Sikuwahi kuona mtu akitazama kidole chake hivyo, kama kimeletwa na mgeni.

Kimaiyo akavuka njia. Hakuna aliyemwita. Akashika gunia akalivuta, likaanguka kwa vumbi, na zile taa zikatuangalia.

— Reli. Ni mimi. Sikujua, Mungu wangu sikujua mpaka asubuhi. Nilidhani anaingia posho mill.

Njoki akashika mdomo. Maxwel akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Odero alikuwa tayari katikati ya njia, mpini umeinuliwa, na mimi nikashika birika ya moto kwa sababu sikujua kitu kingine cha kushika.

— Hiyo haiwezi, Odero akasema. Haiwezi kuwa hiyo. Hiyo niliweka mimi. Tuliwasha. Tuliona wote. Redio, hukuona?

— Niliona, baba.

— Profesa?

— Ilikuwa inawaka poa.

— Shosh?

— Iliwaka mpaka kwa mama mboga, nikasema, na ni kweli.

Oduor alikuwa ameegemea magongo yake, anatuangalia mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, vile mtu anauliza njia.

— Na siku mliwasha, nani alikuwa amesimama mbele?

Njoki akamwangalia Maxwel. Maxwel akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ndani ya birika. Ng'ambo ya njia Kimaiyo alikuwa na gunia mkononi, na Odero na mpini wake juu. Mama mboga, aliyekuwa mbele ya taa na ambaye angejibu, alikuwa amefunga mapema siku hiyo.

Mpini ukashuka. Odero akatembea akaenda akasimama mbele ya gari, mahali ambapo sisi sote hatukusimama.

— Maziwa. Ingia ndani. Washa.

— Reli, tafadhali.

— Washa!

Kimaiyo akaingia. Wingu la mvua lilikuwa limefunika jua na giza lilikuwa linashuka. Taa zikawaka. Moja ikamwagika kwa viatu vya Odero. Ingine ikampiga usoni, na kivuli cha kichwa chake kikapanda ukuta wa kanisa mpaka kwa paa. Macho yalikuwa yanatoa machozi, lakini hakuyafunga wala hakuyakinga. Alikaa hapo muda mrefu mpaka Oduor akasema, "Baba, inatosha."

Hapo akainua mpini, akapiga mara moja. Kioo kikamwagika. Akaacha ile ya kulia ikiwaka. Alivunja ile ya kushoto tu, ile yake.

Akarudi, akaketi karibu na Kimaiyo, ambaye alikuwa amerudi akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu wa kufukuzwa. Bega likagusana na bega. Odero akaninyooshea kikombe. Nikainamisha birika, ikatoa machicha tu.

— Zile za njano, Odero akasema bila kumwangalia mtu. Zile za zamani. Mlitupa wapi?

Kimaiyo akanigeukia. Oduor akanigeukia. Nilikuwa nimeinama bado na birika yangu, na kwa mfuko wa aproni kitu kikasema kling.

— Shosh, Odero akauliza, hivyo vijiko ulianza kubeba lini?